Kabla ya kulipia dawa ya kung'arisha meno mtandaoni, jiulize swali hili

Tangazo lenyewe ni la sekunde chache. Kushoto meno ya kahawia, kulia meno meupe kama karatasi, na maandishi makubwa: siku saba tu, matokeo uhakika. Chini yake kuna bei, Sh35,000, namba ya WhatsApp na onyo kwamba ofa inaisha leo usiku.

Chukulia anayelitazama ni binti aliyezaliwa na kukulia Arusha, aliyebakiwa na wiki tano kabla ya sendoff yake. Tangu shule ya msingi amezoea kufunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Kwake hizo si Sh35,000 tu, ni picha za siku ambayo haitajirudia. Matapeli wanamjua mteja wa namna hii: ana haraka, ana aibu, na hapendi kumuuliza mtu.

Hata hivyo, si kila muuzaji ni mwizi. Wapo wanaotuma mzigo kweli, ila bidhaa yenyewe haiwezi kumsaidia waliyemuuzia. Kwa wote wawili hasara ni ile ile, na swali la kuikwepa ni moja: meno yako yalibadilika rangi kwa sababu gani?

Chanzo hakifanani

Chai, kahawa, sigara na ugoro huacha madoa juu ya jino. Ugaga nao hujishika hapo hapo. Mara nyingi mtu wa kundi hili anahitaji kusafishwa meno kliniki, basi.

Meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na sehemu za Singida ni habari nyingine. Maji ya maeneo hayo yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, lakini vyanzo vingi vya huko huvuka kiwango hicho. Mtoto anapoyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, rangi huingia kwenye ganda la jino lenyewe. Jino huota likiwa tayari limeathirika.

Doa hilo halisuguliki. Unga wa mkaa hauliondoi, na ukitumiwa kila siku unaweza kukwangua ganda la jino. Limau na magadi ni hatari zaidi kwa sababu tindikali ya limau hulainisha ganda hilo. Dawa ya meno ya rangi ya zambarau hufunika unjano kwa muda tu. Daktari wa meno ana njia zake kulingana na ukubwa wa tatizo, ikiwamo kung'arisha kwa kipimo, kusugua tabaka la juu kitaalamu au kulivika jino ganda jembamba.

Jino moja lililogeuka kijivu baada ya kugongwa huenda limekufa ndani, na hilo linahitaji tiba kabla ya urembo. Meno ya bandia nayo hayang'ai kwa dawa yoyote.

Muuzaji asiyeuliza lolote kati ya haya, akataka namba yako ya simu na muamala tu, anabahatisha kwa fedha zako.

Dalili za kukufanya usite

Anadai malipo yote kwanza na kukataa ulipie mzigo ukishaupokea. Jina linalotokea kwenye simu unapotuma fedha halifanani na jina la duka. Ukurasa umefungwa maoni. Hana mahali anapopatikana, au kila siku duka linahama. Ukishalipa, anaomba tena fedha ya "forodha" au "usafiri". Hapo usiongeze hata shilingi.

Wenye kadi za benki wajihadhari na "jaribu bure". Mwaka 2017, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) ilifungua kesi dhidi ya mtandao wa kampuni zilizouza dawa za kung'arisha meno kwa majaribio ya dola 1 na senti kadhaa. Wateja walijikuta wakikatwa karibu dola 100 kila mwezi. Mtego ulikuwa kwenye masharti yaliyofichwa, na ukishaacha namba ya kadi, mlango uko wazi.

Soma kilichomo

Dawa nyingi za kung'arisha hutumia haidrojeni peroksaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno pekee, haitumiwi kwa walio chini ya miaka 18, na inayozidi asilimia 6 hairuhusiwi. Kali kupita kiasi huunguza fizi na kufanya meno yapigwe ganzi ya maumivu kila unapokunywa cha baridi. Tyubu isiyoandikwa viambato, kiwango, mtengenezaji wala tarehe ya kuisha muda isiingie mdomoni.

Picha ya alama ya TBS kwenye tangazo si cheti. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya shirika hilo. Omba namba ya usajili, kisha uihakiki TBS kabla ya kulipa.

Ukishatapeliwa

Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako na uombe muamala uzuiwe. Usifute ujumbe wala risiti, utavihitaji polisi. Namba ya tapeli iripoti TCRA kupitia 15040. Aibu isikunyamazishe, maana ukimya wako ndio mtaji wake kwa anayefuata.

Binti wa sendoff bado ana wiki tano. Aanze na kiti cha daktari wa meno katika hospitali ya wilaya au mkoa, aambiwe ukweli kuhusu kinachowezekana kwa muda huo. Na siku akipata mtoto katika mkoa ule ule, amtengee maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri au chanzo kilichopimwa, ili mwanawe asikue akificha kicheko.