UTII WA MKRISTO SI UNYAMAVU

Kila tarehe 16 Februari, Uganda humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1977. Tangu mwaka 2015 siku hiyo ni ya mapumziko kwa taifa zima. Sisi wanajeshi, ambao utii ndio msingi wa kazi yetu, hatuna budi kujiuliza: je, mtu huyu alikuwa mtiifu au mwasi?

Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu, na kwamba imempasa raia kulipa kodi na kuwaheshimu watawala. Wakati huo dola ilikuwa mikononi mwa Kaisari, ambaye hakuwa Mkristo. Lakini sura hiyo hiyo yaeleza pia kazi ya mtawala: kuwa mtumishi wa Mungu kwa manufaa ya watu, na kuogopwa na waovu, si na watenda mema. Nao mitume, walipokatazwa kuhubiri na Baraza la Yerusalemu, walijibu kuwa Mungu hutiiwa kwanza.

Luwum aliyashika yote mawili. Hakushika silaha wala hakuikimbia nchi. Alihudhuria sherehe za serikali, hata baadhi ya waumini wakamlaumu. Mapema Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Ndipo yeye na maaskofu wenzake walipomwandikia Rais Idi Amin barua yenye majina yao, wakilalamikia upekuzi huo na mauaji ya raia. Alipoitwa Kampala alikwenda, wala hakurudi. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikufa kwa ajali ya gari. Lakini maiti yake ilikuwa na majeraha ya risasi.

Waliomwua nao walikuwa wakitii amri. Hapo ndipo penye fundisho kwetu tuvaao sare. Amri halali hutiiwa bila kusitasita. Amri ya kumwua asiye na hatia si halali, na aitekelezaye hushiriki dhambi ya aliyeitoa.

Basi, ndugu wasomaji, tulipe kodi, tufuate sheria na tuwaheshimu viongozi wetu. Lakini tuwaambie ukweli, waziwazi na kwa adabu. Kiongozi hasalitiwi na amwambiaye kweli. Husalitiwa na amwogopaye akanyamaza.