Afya ya mwanamke: misuli ambayo mkaja hauifikii

Msikilizaji, kuna jambo ambalo wanawake wengi hawamwelezi hata daktari wao. Mwanamke akicheka, akikohoa, akipiga chafya au akinyanyua ndoo ya maji, mkojo kidogo humponyoka. Aliyeko Muscat au Mombasa hulazimika kutia udhu upya kabla ya sala. Aliyeko London au Minneapolis hatoki nyumbani mpaka ajue choo kiko wapi njiani. Wengine huacha kwenda harusini. Anayethubutu kuuliza mara nyingi huambiwa na wakubwa wake: ndio uzazi huo, mwanangu, zoea tu.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini si sahihi. Hali hii ni ya kawaida kwa maana kwamba inawapata wengi, ila haimaanishi kuwa haina tiba.

Sehemu ya chini ya nyonga haikuzibwa na mfupa. Kilichopo ni tandiko la misuli lililotandazwa mfano wa machela, kutoka mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma. Juu ya tandiko hilo hukaa kibofu cha mkojo, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na katikati yake hupita njia ya mkojo, njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Tukikohoa, tumbo husukuma kwa nguvu kuelekea chini, na misuli hiyo hutakiwa kujibana papo hapo ili njia ya mkojo ifungike. Ikichelewa, au ikiwa dhaifu, tone hupita.

Ujauzito na kujifungua ndiyo sababu kubwa. Aliyejifungua kwa upasuaji hakuepukana nayo kabisa, kwa kuwa tandiko lilibeba uzito wa mimba miezi tisa. Kukoma hedhi, unene, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na kazi ya kubeba mizigo mizito huongeza udhaifu. Misuli ikilegea sana, kizazi chenyewe huweza kushuka, na mwanamke akahisi kitu kama yai kinajitokeza ukeni.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja. Mila hiyo ina raha yake, na pumziko analolipata mzazi si jambo dogo. Lakini mkaja hukaza tumbo. Hauifikii misuli ya chini, na ukifungwa kwa nguvu kupita kiasi unaweza kusukuma mzigo kuelekea mahali penyewe palipochoka. Shabu na dawa nyingine za kujikausha, ambazo huuzwa kwa ahadi ya kubana, ni jambo la kuogopwa zaidi. Hizo hukausha na kuchubua ngozi laini ya uke na kufungua mlango wa maambukizi, na misuli haziigusi hata kidogo.

Kinachoifikia ni mazoezi. Mwaka 1948 daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya namna ya kuimarisha misuli hiyo baada ya uzazi, na hadi leo mazoezi hayo huitwa kwa jina lake. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2018 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake wanaoponyokwa na mkojo wakikohoa au wakijikakamua, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wale ambao hawakuyafanya walikuwa 6 tu.

Tatizo ni kwamba wengi huyafanya kinyume. Katika uchunguzi mmoja wa mwaka 1991 nchini Marekani, wanawake 47 walielekezwa kwa maneno tu. Takriban nusu yao walibana sawasawa, lakini robo nzima walisukuma kwa namna ambayo ingeweza kuongeza tatizo lenyewe. Kwa hiyo hapa tusiharakishe.

Lala chali ukiwa umekunja magoti, au keti wima. Fanya kana kwamba unazuia hewa isitoke nyuma na wakati huohuo unazuia mkojo. Utahisi kitu kinavutwa ndani na kupanda juu. Matako na mapaja yatulie, na pumzi iendelee kama kawaida. Ukijikuta umeizuia pumzi, umekosea. Kioo kidogo kitakusaidia: eneo lililo kati ya uke na njia ya haja kubwa linapaswa kuingia ndani. Likijitokeza nje, unasukuma.

Bana kwa muda unaouweza, hata kama ni sekunde tatu, kisha legeza kabisa kwa muda kama huo. Polepole ongeza hadi kufikia sekunde kumi. Mwongozo wa afya nchini Uingereza hutaka angalau mibano 8 kwa mkupuo, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Anayesali sala tano ana saa yake tayari ya kumkumbusha. Jizoeze pia kubana kabla tu ya kukohoa au kunyanyua mtoto. Usifanye zoezi hili huku ukikojoa, kwani huweza kuzuia kibofu kisimalize mkojo.

Yuko pia mwanamke ambaye misuli yake imekakamaa badala ya kulegea, na dalili yake mara nyingi ni maumivu ya nyonga au ya wakati wa tendo la ndoa. Huyo akizidi kubana atajiumiza. Amwone mtaalamu wa tiba ya viungo kwanza.

Na ikiwa mkojo au kinyesi kinavuja mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu, huenda hiyo ni fistula, yaani tundu. Hakuna zoezi linaloweza kuliziba. Tiba yake kwa kawaida ni upasuaji, ambao hufanywa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Panzi ya Bukavu.

Kwa msikilizaji aliye ugenini, neno moja zaidi. Hospitali za Uingereza, na nyingi za Marekani, hutoa mkalimani bila malipo. Mwombe awe mwanamke, na uombe mapema unapopanga miadi. Usimchukue mwanao wa kiume kukufasiria, maana mbele yake hutayasema haya.