Je, Wajua? Daftari la Mpanda Mlima Lina Mambo

Picha ya kileleni siku hizi kila mtu anayo. Ila waliopanda na kalamu mkononi, wakaandika tarehe, saa, mvua na maua, wametuachia visa ambavyo picha isingeweza kuvisimulia.

Mume juu, mke chini

Mwaka 1881 Mwingereza Clement Wragge alijipa kazi ambayo wengi wangeiita wazimu: kuukwea mlima Ben Nevis, kule Uskoti, siku baada ya siku, tangu mwanzo wa Juni hadi katikati ya Oktoba, mvua inyeshe au upepo uvume. Akifika kileleni anasoma joto na mgandamizo wa hewa, huku mkewe, aliyebaki chini mjini Fort William, akisoma vipimo vyake saa zilezile. Kabla ya ndege kubuniwa, hiyo ilikuwa njia nzuri kuliko nyingi ya kujua hewa inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda.

Ben Nevis una mita 1,345 tu. Anayekunywa chai Nairobi tayari yuko juu kuliko kilele chake! Lakini uko kaskazini mno, na majira yake ya baridi hayana huruma. Mwaka 1883 kilijengwa kituo cha hali ya hewa pale pale kileleni, na wafanyakazi wake wakaishi humo wakiandika vipimo kila saa, usiku na mchana, hadi 1904. Theluji ilipofukia mlango, walitokea kupitia mnara wa kituo.

Kisa hakijaisha. Septemba 1894 kijana mmoja, C.T.R. Wilson, alikaa huko wiki mbili akishika zamu, akavutiwa na pete za rangi zilizochezacheza jua lilipopiga mawingu. Aliporudi maabara akajaribu kutengeneza mawingu ndani ya chombo cha kioo. Chombo hicho kikaja kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 Wilson akapewa Tuzo ya Nobel.

Maua nayo hupanda mlima

Katika milima ya Santa Catalina, karibu na mji wa Tucson, Arizona, kuna mtu ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akiirudia njia ileile, mwaka mzima, majira yote, akiandika kila mmea aliouona umechanua na sehemu ya njia alipouona. Njia hiyo inapanda karibu mita 1,200 kutoka jangwani hadi kwenye misonobari. Wanasayansi walipochambua madaftari yake ya miaka 20, ya 1984 hadi 2003, walikuta aina 93 za mimea kati ya 363 zimebadilisha kimo zinapochanulia, na nyingi zilikuwa zimesogea juu kadiri kiangazi kilivyozidi joto.

Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na miguu, macho na ukaidi wa kurudi palepale. Kwa maoni yangu huo ukaidi ndio kipaji chenyewe, maana kuona ua mara moja kila mtu anaweza.

Mlima ulioandikwa kwa jina la jirani

Mwaka 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, nchini Ecuador, hadi karibu mita 5,900, kisha akachora mlima mzima kwenye karatasi moja na kupanga mimea kulingana na kimo. Mchoro huo uliochapwa 1807 ni wa kusisimua hadi leo. Zaidi ya miaka 200 baadaye watafiti walikwea Chimborazo, wakalinganisha, wakatangaza kwamba mimea imepanda zaidi ya mita 500. Taharuki!

Mwaka 2019 wengine wakarudi kwenye maandishi ya Humboldt mwenyewe na kugundua kwamba sehemu kubwa ya mimea ya juu hakuiokota Chimborazo bali Antisana, mlima mwingine kabisa. Hesabu ikarekebishwa: kati ya mita 215 na 266 hivi. Bado ni safari ndefu kwa kiumbe asiye na miguu, lakini ni nusu ya ile ya kwanza. Sababu ni kwamba jina la mahali halikukaa mahali pake.

Theluji iliyokataliwa London

Tarehe 11 Mei 1848, katikati ya masika, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai, aliuona Kilimanjaro na kuandika katika shajara yake kwamba juu kuna theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alizicheka: theluji karibu na ikweta, wapi na wapi? Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda kupita mita 4,000, mwaka 1862, na kuthibitisha.

Wachaga waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila kukicha hawakuulizwa na mtu.

Sufuria iliyopima kimo

Kwenye kilele cha Uhuru, mlimani Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka yakiwa na nyuzi 80 hivi, si 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja, kwa hiyo wasafiri wa karne ya 19 walibeba kipimajoto na chombo cha kuchemshia, wakachemsha maji, wakaandika nyuzi, kisha wakapiga hesabu ya kimo. Hata kabla yao, mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure alipofika kilele cha Mont Blanc, kule Ulaya, Agosti 1787, alikaa juu zaidi ya saa nne akipima na kuandika. Leo wengi hukaa dakika chache, wakapiga picha na kushuka.

Mlima Kenya una upande wa kiangazi na upande wa kipupwe

Kilele cha Batian, mita 5,199, kiko kusini kidogo tu ya ikweta. Matokeo yake ni ya kuchekesha: kati ya Juni na Septemba jua huwa kaskazini, kwa hiyo miamba ya upande wa kaskazini hukauka na kupandika vizuri, huku upande wa kusini ukishika barafu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka, na wakweaji nao huhama upande. Ukiandika “Mlima Kenya, Julai, barafu nyingi” bila kutaja upande, hujamwambia mtu kitu.

Tena huko juu, saa hushinda mwezi. Mchana jua huchoma, usiku maji huganda, na tofauti hiyo ya siku moja ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Mimea inalijua hilo: kuna lobelia na senesio kubwa ambazo hukunja majani yao kila jioni kulinda kichipukizi na kuyakunjua asubuhi.

Mhasibu aliyekesha na milima

Alfred Wainwright alikuwa mhazini wa halmashauri ya mji wa Kendal, Uingereza, na hakujua kuendesha gari. Tangu 1952 alikuwa akienda milimani kwa basi siku za mapumziko, na jioni akichora na kuandika kwa mkono vilele 214 vya eneo la Lake District, kazi iliyojaza vitabu saba. Alijiwekea ratiba ya miaka 13, akamaliza wiki moja kabla. Vitabu vyote saba vilichapwa kwa mwandiko wake, hakuna herufi ya mashine. Hapo mwanzo alizitupa kurasa mia moja za kwanza na kuzirudia, kisa tu ukingo wa kulia wa maandishi haukunyooka. Mhasibu ni mhasibu.

Daftari lililomsaliti mchungaji

Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita 914. Leo orodha hiyo ina milima 282, na maelfu wameimaliza. Munro mwenyewe alifariki 1919 kabla ya kuikamilisha! Sifa ya kwanza ilimwendea Mchungaji A. E. Robertson, mwaka 1901. Inasimuliwa kwamba kwenye kilele cha mwisho alilibusu kwanza rundo la mawe, ndipo akambusu mkewe. Baadaye sana wachunguzi walipekua maandishi yake wakakuta kwamba kwenye mlima Ben Wyvis mvua ilimkuta, akashuka kabla ya kufika kileleni. Kama kuna aliyemwangusha Robertson, ni unyofu wake mwenyewe.

Kabla hujapanda

Kilimanjaro utatia saini kwenye kitabu langoni na katika kila kambi: jina, umri, uraia, kazi. Hicho ni kitabu cha hifadhi. Chako beba mwenyewe, hata kama unakwenda Uluguru au Ngong tu, na uandike tarehe, saa, upande wa mlima na ua moja ulilolikuta limechanua. Mwakani rudi mwezi uleule, njia ileile. Na chukua penseli, kwa sababu wino wa kalamu hugoma kwenye baridi.