Fahamu: Kwa nini mhudumu wa zahanati afundishwe kutibu uraibu

Mgonjwa anafika zahanati akilalamikia tumbo na kukosa usingizi. Anaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anakunywa pombe kiasi gani.

Pengo hilo ni miongoni mwa yanayolengwa na mpango wa mhGAP, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2008 ili hata wahudumu wasio mabingwa waweze kushughulikia matatizo ya akili, pombe na dawa za kulevya.

Wanafundishwa nini?

Kwanza, kuuliza bila kumhukumu mgonjwa. Kwa hilo hutumia dodoso la AUDIT, lenye maswali 10 kuhusu unywaji wa pombe. Alama 8 na kuendelea huashiria unywaji hatarishi. Pili, kutoa ushauri nasaha wa dakika chache. Tatu, kutambua dharura: mraibu wa pombe akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege, hata kufa.

Na nani apewe rufaa kwenda hospitali kubwa?

Mraibu wa heroini, kwa mfano, anaweza kuhitaji methadoni, tiba ambayo katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2011.

Ukienda kutibiwa, usimfiche mhudumu kiasi unachokunywa. Na kama umezoea kunywa kila siku, usiache ghafla kabla ya kupata ushauri wake.