Samaki Mmoja, Madaftari Manne: Ugawanaji wa Takwimu za Samaki katika Ziwa Tanganyika

Kavimvira ni sehemu ya kaskazini ya mji wa Uvira, karibu na mpaka wa Kongo na Burundi. Msafiri aendaye Bujumbura kwa barabara hana budi kusimama mpakani, aonyeshe hati zake na angoje muhuri. Ndagala walio ziwani hawangoji muhuri. Leo huweza kuwa katika maji ya Kongo, kesho katika maji ya Burundi, na anayetaka kujua idadi na mwendo wao hukuta kwamba samaki wamo katika ziwa moja ilhali takwimu zao zimegawanyika katika nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Tatizo hili halikuanzia Uvira. Baharini, wanasayansi huwatia samaki wakubwa kifaa kidogo kitoacho mlio wenye namba yake, na vipokezi vilivyowekwa chini ya maji huinasa namba hiyo samaki apitapo. Lakini kipokezi hakichagui: hunasa pia namba za samaki waliotiwa alama na mtafiti mwingine, pengine wa nchi nyingine. Namba hiyo haina maana yoyote mpaka mwenye kifaa ajulishwe. Kwa sababu hiyo ziliundwa jumuiya za kubadilishana takwimu, kama vile Ocean Tracking Network, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Katika Bahari ya Hindi, kati ya 2005 na 2007, jodari zaidi ya 160,000 walitiwa alama za plastiki, wengi wao karibu na pwani ya Tanzania. Kazi hiyo isingezaa matunda kama wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, hasa wa Shelisheli, wasingezirudisha alama hizo.

Ndagala hawezi kubebeshwa kifaa cha namna hiyo. Urefu wake ni kama wa kidole, na maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja. Hufuatiliwa kwa njia nyingine: kwa vyombo vya kupimia mwangwi, kwa kupima urefu wa samaki waliovuliwa, na kwa kuchunguza chembe za urithi. Njia zote hizi hudai kwamba vipimo vya mwambao mmoja viunganishwe na vya mwambao mwingine. Mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioanza mwaka 1992, ukisimamiwa na FAO kwa fedha za Finland, ulikuwa na vituo Bujumbura, Uvira, Kigoma na Mpulungu. Mwaka 1995 wavuvi na vyombo vyao walihesabiwa katika nchi zote nne kwa pamoja. Wakapatikana wavuvi wapatao 45,000. Mwaka 2019 utafiti wa chembe za urithi haukuona mgawanyiko baina ya ndagala wa kaskazini na wa kusini. Kwa maneno mengine, avuaye Uvira na avuaye Mpulungu wanachota katika chungu kimoja.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na si kwa nafasi ndogo. Samaki aitwaye na wanasayansi Stolothrissa tanganicae ndiye ndagala wa Uvira. Nduguye, Limnothrissa miodon, ni lumbu. Sokoni, hata hivyo, jina la ndagala huwakusanya wote wawili. Kigoma wote ni dagaa, na Mpulungu ni kapenta. Lumbu huyo huyo alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko anaitwa sambaza. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambaye Wajaluo humwita omena, ni wa ukoo mwingine kabisa. Vivyo hivyo mukeke wa Uvira ndiye mgebuka wa Kigoma. Karani aandikaye “dagaa, kilo 40” ameandika jambo linaloeleweka kwa mnunuzi, lakini mtafiti aliye ng’ambo hawezi kulijumlisha na takwimu zake. Kamusi nazo hazimsaidii sana: kumweleza dagaa kuwa ni samaki mdogo kunamtosha mpishi tu. Orodha ya majina ya samaki inayotaja mwambao, umri wa samaki na jina la kisayansi ni kazi ya wanaleksikografia kama ilivyo ya wanabiolojia.

Uzito peke yake pia hautoshi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa hizo. Kwa hiyo daftari lisilotaja hali ya mwezi, idadi ya taa na aina ya wavu, lusenga au wavu mkubwa wa kuinuliwa, haliwezi kulinganishwa na jingine.

Thamani ya kumbukumbu huweza kuonekana baada ya miaka mingi. Mganga Mbelgiji Louis Stappers, ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la mukeke, Lates stappersii, alilichunguza ziwa hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Miaka tisini baadaye, mwaka 2003, wanasayansi walilinganisha vipimo vya joto vya 1913 na vya wakati wao, wakabaini kwamba ziwa limepata joto. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulikadiria kwamba mavuno ya samaki huenda yamepungua kwa asilimia 30 kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, ugawanaji una gharama zake, nazo hazilipwi sawasawa. Anayekesha ufukweni na mizani si lazima awe ndiye atakayetajwa katika makala ya jarida la kigeni. Mvuvi naye humwogea anayeandika, akidhani ni mtoza ushuru, na akiogopa hupunguza hesabu.

Mkataba wa usimamizi wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, unazitaka nchi hizo nne kubadilishana habari. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kama ndagala waliongezeka kwa sababu hiyo, jibu haliwezi kupatikana Kigoma peke yake. Linahitaji pia daftari la Uvira la miezi ile ile, lililoandikwa kwa majina yale yale.