Mizigo ya Askari na Nidhamu ya Jeshi

Tunapozungumzia nguvu ya jeshi, wengi wetu huhesabu bunduki na vifaru. Tunasahau kwamba bunduki hushikwa na binadamu, mwenye watoto, wazazi kijijini, na mkubwa wa kazi.

Historia yetu inatufundisha jambo hilo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo. Walidai nyongeza ya mshahara, na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Siku ya pili uasi ulifika Tabora. Tarehe 25 Januari ulizimwa na askari wa Uingereza, walioitwa na Serikali yetu wenyewe. Ilikuwa fedheha kwa nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili na kidogo.

Uasi ule hatuuhalalishi. Lakini lazima tujiulize: kwa nini dai la mshahara lilifikia kushika silaha? Jeshi lile lilirithiwa kutoka kwa wakoloni. Ndani yake amri zilishuka kwa urahisi, bali malalamiko yalipanda kwa shida. Ndiyo maana lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi.

Mizigo ya askari ni ya aina mbili. Ya kwanza inatoka nyumbani: deni, ada ya shule, mzazi mgonjwa, ndoa iliyoyumba kwa kutengana muda mrefu. Ya pili inatoka kazini: lindo za usiku zisizo na mapumziko, uhamisho wa ghafla, likizo inayoahirishwa bila maelezo, na mkubwa anayefokea watu badala ya kuwaongoza. Mizigo hii hukutana. Askari aliyenyimwa ruhusa ya kumwuguza mama yake husimama lindoni kwa mwili tu. Asiyelala husikia nusu ya amri, husahau kusafisha silaha, na hugombana na wenzake. Mkubwa wake humwita mzembe na kumwadhibu. Adhabu hiyo inakuwa mzigo wa tatu.

Wapo wanaosema kumsikiliza askari ni kumdekeza. Sivyo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliosisitiza ulinzi wa Taifa, ndio huo huo ulioonya katika kifungu cha 15 dhidi ya viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kwa hiyo kiongozi awajue watu wake, atoe sababu anapokataa ombi, na ampeleke kwa mganga aliyechoka akili kama anavyompeleka aliyevunjika mguu. Kisha adai nidhamu bila kusita. Nidhamu ya woga huisha mkubwa akigeuza mgongo. Nidhamu ya haki hubaki lindoni usiku kucha.