Fahamu: Uunde kompyuta ya mezani au ununue iliyo tayari?

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale Nateete, Kampala, ambaye kompyuta yake ya zamani haikubali Windows 11, sasa anajiuliza: anunue kompyuta nzima au aunge vipuri?

Iliyo tayari
Kwa kazi za ofisi, kompyuta ya mtumba kama Dell OptiPlex ndiyo nafuu: unaiwasha palepale dukani, unaona inavyofanya kazi. Ila kagua prosesa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Tena, matoleo yenye kasha dogo hutumia pawa saplai ya umbo lake. Ikiungua, ya kawaida haiingii.

Ya kuunda
Hapa unachagua kila kipuri, na kikiharibika unabadilisha hicho tu. Huwafaa wahariri wa video na wacheza gemu wanaohitaji kadi ya michoro yenye nguvu. Lakini waranti huwa ya kila kipuri peke yake, na bodi isipopatana na prosesa, hasara ni yako.

Kwa nini bei ya RAM imepanda?
Tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya akili mnemba vimekuwa vikigombania chipu za kumbukumbu, na RAM imepaa bei duniani.

Uamuzi
Barua na risiti: nunua iliyo tayari. Video na gemu: unda. Vyovyote vile, tenga fedha za UPS (kifaa chenye betri ya akiba). Umeme ukikatika ghafla, kazi isiyohifadhiwa hupotea.